Madaraja Matano ya Babu Odongo

Mwezi uliopita nilipanda ngazi za ofisi moja mjini Kisumu, mvua ikipigwa na upepo, nikashika chuma cha kujishikizia kilichokuwa kimelowa. Nilipofika juu nilinusa kiganja changu bila kufikiri, kama mtoto. Kilinuka kutu na maji. Karani aliyekuwa akinisubiri aliniuliza kama naumwa, maana nilisimama mlangoni mkono puani na machozi yakinilengalenga. Nikamwambia ni vumbi. Vumbi gani katika mvua ile? Lakini alikuwa kijana mwenye adabu, hakuuliza tena.

Kwangu harufu ile ni ya Jumamosi. Nilikuwa na miaka tisa, kumi hivi. Baba yangu, Owino, alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu, nasi tuliishi Kaloleni, hapohapo Kisumu, katika vyumba viwili. Nje ilisimama pikapu ya buluu ambayo majirani waliijua kwa harufu kabla ya kuiona. Jumamosi nyingi Baba alitupandisha nyuma mimi na mdogo wangu Ouma, juu ya magunia matupu, tukaenda Asembo Bay. Yeye alikwenda kununua samaki, ngege na omena, wale dagaa wa ziwani, na sisi tulikwenda kwa nyanya yetu, mama yake mzazi. Tulimwita Dani, kama watoto wa Kijaluo wanavyomwita nyanya. Mama alibaki mjini kuuza sokoni, lakini hakukosa kutufungia kifurushi cha Dani: sukari, majani chai, sabuni ya mche. Mkate tuliununua njiani, sokoni Otonglo, na Baba alitukataza kuumega njiani. Tuliumega.

Mbele, katikati ya safari, kulikuwa na mto, na juu ya mto kulikuwa na daraja la chuma. Ninyi mliokulia upande ule mnayakumbuka madaraja ya namna ile: kuta mbili za vyuma vilivyofungwa pembetatu pembetatu, moja kushoto na moja kulia, na katikati mbao nene zilizopakwa lami. Gari likipita mbao zililia moja baada ya nyingine mpaka ng'ambo. Vyuma vyenyewe vilishikanishwa kwa ribiti, ile misumari mifupi minene inayopigwa ikiwa nyekundu kwa moto, vichwa vyake vya mviringo vimejipanga kama vifungo vya koti.

Kila tulipofika hapo Baba alisimamisha pikapu.

"Shukeni," alisema. "Mpite kwa miguu. Shikeni chuma njia nzima, msiachie."

Tulishuka. Tulipita, mimi mbele, Ouma nyuma, viganja vyetu vikiburura juu ya zile ribiti mpaka mwisho. Baba alisimama kando ya gari akitutazama hadi tukanyage udongo wa ng'ambo. Ndipo alipoingia garini, akavuka peke yake polepole sana, akatupakia tena. Sababu hakutueleza. Tukirudi jioni ilikuwa vilevile.

Basi mimi nikatafuta maana yake mwenyewe. Mwanzoni mwa daraja kulikuwa na kibao kilichosema mwisho ni tani tano. Nilimwuliza mwalimu wangu tani ni kitu gani, akasema tani moja ni kama magunia kumi na moja ya mahindi. Sikujua pikapu ina uzito wa magunia mangapi, lakini nilijua Baba hatushushi bure. Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: daraja ni bovu. Baba anajua ni bovu. Anatushusha ili siku litakapovunjika afe yeye peke yake.

Sijui kama mtu mzima anaweza kukumbuka vizuri hofu ya mtoto. Nilisimama ng'ambo nimefumba macho nikihesabu mlio wa kila ubao, na mlio wa mwisho ulipokwisha nilifumbua macho nikamwona Baba anatabasamu dirishani. Sijampenda mtu tena kama nilivyompenda yeye katika dakika zile. Sikumwambia. Nilichofanya ni kupunguza mzigo. Siku moja, tulipokuwa Otonglo, niliiacha kwa makusudi chini ya meza ya mwuza ndizi sufuria kubwa ambayo Mama alimpelekea Dani. Mama aliponichapa kwa ajili ya sufuria ile nilivumilia kimya, nikijiona mtu aliyeokoa roho ya baba yake.

Jambo jingine nililolikuta na kulizoea bila kulielewa ni kwamba Dani hakuja mjini. Hakuja nilipozaliwa, hakuja Ouma alipobatizwa, hakuja Mama alipolazwa. "Dani hapendi mji," tuliambiwa, na sisi tukaona ni sawa, maana wako watu wasiopenda mayai.

Kisha ukaja ule mwaka ziwa lilipopanda. Mvua zilinyesha bila kupumzika, na maji yakaingia nchi kavu kama mgeni asiyejua kuaga. Gati la Asembo lilizama. Tulikwenda tukakuta nguzo zake tu zimechungulia nje ya maji, ndege wamekaa juu yake, na watu wa ufukweni wamehamisha nyumba zao juu, na mashua kubwa, ambazo mwaka uliotangulia tu zilikuwa zimeanza kubeba watu mpaka Kisumu, hazitii nanga tena.

Mwaka huohuo Dani aliacha kuona. Macho yake yalikuwa yakifunikwa kidogokidogo na mtoto wa jicho, na sasa alimwaga uji nje ya kikombe na kumwita Ouma kwa jina langu, Atieno. Baba aliuliza hospitali kubwa ya Kisumu, akaambiwa daktari wa macho anakuja kwa siku chache tu, halafu anaondoka, na hajulikani atarudi lini.

"Jumatatu atakupasua, Mama," Baba alimwambia. "Twende leo Jumamosi."

Dani alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, akichambua mawele kwa vidole, maana kwa macho hakuweza. Hapa naandika kwa Kiswahili maneno yake ya Kijaluo. "Nitakwenda kwa mashua," alisema.

"Mashua haziji tena. Gati liko majini."

"Basi kwa mtumbwi."

"Mama, ziwa limechafuka. Siwezi kukupakia mtumbwini na macho hayo."

"Basi nitangoja maji yashuke."

"Na ukiwa kipofu kabisa?"

Vidole vya Dani viliendelea na mawele. Baba alichuchumaa mbele yake. Nilishangaa kumwona hivyo, mtu mzima, amekaa kama anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza. "Mama," alisema kwa sauti ndogo, "nimekuomba vitu vingapi?"

Dani aliweka ungo chini. Akaomba aletewe kitambaa chake cha kanisani.

Tulipoukaribia mto mvua ilikuwa imekatika, lakini tuliusikia kabla ya kuuona. Lori lililotutangulia lilikuwa linageuza njiani, magurudumu yakitupa matope. Dereva alitoa kichwa dirishani.

"Mzee, usijaribu hapo! Maji imepanda mpaka inagusa mbao. Mimi narudi Asembo."

"Asante, ndugu," Baba alijibu, akapita kando yake.

Mto ulikuwa wa kahawia, umebeba matawi na majani, na maji yalikuwa yakilamba mbao kwa chini. Daraja zima lilikuwa likivuma. Baba alisimamisha pikapu palepale anaposimamisha kila siku. "Shukeni," alisema.

Ouma alishuka. Mimi nilibaki garini nimeshika ubavu wa pikapu kwa mikono yote miwili. Nilimtazama Dani mle mbele, amejifunika kitambaa mpaka usoni, na hesabu yangu yote ya magunia ikanivamia. Safari hii hatakuwa peke yake. Watakuwa wawili.

"Usimpitishe Dani!" nilipiga kelele. "Baba, litaanguka! Mteremshe Dani!"

Baba alinigeukia. "Nani amekuambia litaanguka?"

"Wewe! Kila siku unatushusha ili ufe peke yako!"

Nilikuwa nalia sasa, na Ouma, ambaye hakuwa amewahi kufikiria jambo hilo, alianza kulia pia.  Baba alionekana kama mtu aliyepigwa kofi na mtoto. Lakini aliyesema alikuwa Dani, chini ya kitambaa chake.

"Owino. Unawashusha watoto hapa?"

"Ndiyo, Mama."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Kwa nini?"

 Maji yalipiga kelele kiasi kwamba alipojibu ilibidi niiname ili nisikie. "Ili washike kazi ya Okello," alisema. "Ukuta ule wa kulia, ribiti nyingi alipiga yeye. Mimi sikujua namna ya kuwaambia. Nikaona heri mikono yao ijue kwanza."

Hilo jina, Okello, nilikuwa silijui. Nyumbani kwetu halikuwa limetajwa hata mara moja.

Dani alifunua uso. "Niteremshe," alisema.

Baba alimshika mkono mmoja, mimi nikashika mwingine, nikiwa bado nalia kwa kwikwi. Tulifika kwenye nguzo ya kwanza. Dani alinyosha vidole, akagusa chuma kilicholowa, akapata ribiti ya kwanza, akaizunguka na kidole gumba kama anavyopapasa uso wa mtoto aliyeletewa amtambue. Kisha ya pili. Alitembea hivyo, polepole, nasi tukatembea naye juu ya maji yale, na alipokuwa akitembea alizungumza, na ndivyo nilivyosikia habari ya babu yangu.

Babu Odongo alijifunza kazi ya vyuma reli ilipokuwa ikimhitaji kila mwenye mikono Kisumu. Alipoona amejua, aliacha, akaanzisha kampuni yake mwenyewe: yeye, wanawe wawili Okello na Owino, na vijana kumi na mmoja wa kijijini. Waliiita Odongo na Wanawe. Walinunua vyuma vikuukuu, wakavikata, wakavitoboa, wakaomba kandarasi za mito midogo ambayo wakubwa hawakuitaka. Walijenga madaraja matano.

"Kila daraja likiisha," Dani alisema, "babu yenu alishuka akasimama chini yake, majini, peke yake. Halafu lori lililojaa mawe likapita juu ya kichwa chake. Ndivyo alivyowakabidhi wenye barabara. Nilimwambia huo ni wazimu. Alisema, mke wangu, kama mimi naogopa kusimama chini, wao wapiteje juu?"

Nilitazama chini kupitia mwanya wa mbao. Nikajaribu kumwona mtu amesimama mle.

"Na hili?" Dani aliuliza. Hakuwa anatuuliza sisi. "Hili pia alisimama? Mimi sikuja."

"Alisimama," Baba alisema. "Lori lilipita, likafika ng'ambo, watu wakapiga makofi, naye hakutoka. Nilimwita. Hakutoka. Ikabidi niingie majini nimshike mkono."

Hili lilikuwa daraja la tano. Okello alianguka kutoka ukuta wa kulia siku chache kabla halijaisha, na mto, uliokuwa umejaa kama siku ile yetu, ukamchukua. Babu alilimaliza kwa sababu alikuwa ametia sahihi. Kisha akaifunga kampuni, akawagawia vijana vifaa, akarudi kulima, na hakuishi muda mrefu. Hayo mimi niliyaunganisha baadaye. Pale darajani nilisikia vipande tu, maana Baba alikuwa amesimama ghafla katikati, na sauti yake haikuwa sauti ninayoijua.

"Mama, siku ile ilikuwa zamu yangu kupanda."

"Najua."

"Hapana, hujui. Nilikuwa nimetoka harusini. Nilikuwa nimelala. Okello alipanda badala yangu."

"Najua, Owino. Aliniambia mwenyewe akinywa uji. Alikuwa anacheka. Alisema, mwache mdogo wangu alale, amecheza mpaka miguu imevimba."

Baba alimtazama. Mto ulikuwa ukipita chini yetu na yeye alikuwa akimtazama tu mama yake, ambaye macho yake meupe yalielekea mahali pengine, kwenye chuma.

"Miaka yote hii umejua?"

"Ningekuambia nini? Nilikuwa nimebaki na mtoto mmoja." Alitafuta mkono wake, akaupata. "Niliogopa nikifika hapa nitakuuliza. Na nikikuuliza, utaona haya, utaondoka, nami nitabaki bila mtu. Kwa hiyo sikuja hapa. Basi."

Baba alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia na sikujua pa kutazama, kwa hiyo nilimtazama Ouma, ambaye alikuwa amesahau kulia na alikuwa anahesabu ribiti. Nilielewa kidogo sana siku ile. Nilielewa kwamba daraja si bovu. Nilielewa pia, na hili liliniuma zaidi kuliko nilivyotarajia, kwamba Baba hakuwa amejitoa kafara kwa ajili yangu kila Jumamosi. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba alichokuwa akikifanya kilikuwa kigumu kuliko hicho.

Tulifika ng'ambo. Baba alirudi kuchukua pikapu, akavuka, na ingawa maji yaliruka kati ya mbao, daraja halikutikisika zaidi kuliko siku nyingine.

Dani alipasuliwa Jumatatu. Alilala chali siku nyingi, kichwa kimezuiwa na mifuko ya mchanga asigeuke, akilalamika kuhusu chai ya hospitali. Walipomfungua alipewa miwani mizito iliyoyafanya macho yake makubwa kama ya samaki. Alimtazama Ouma kwa muda mrefu, akasema, "Huyu ana masikio ya Odongo. Mlinificha." Alikaa kwetu Kaloleni mwezi mzima, na ilibainika kwamba mji aliupenda sana. Alijua bei za soko zima kabla ya Jumapili ya pili.

Tulipokuwa tunamrudisha aliuliza, "Na mengine manne yako wapi?"

Baba hakujua. Tangu Okello, hakuwa amekwenda kuyatazama. Dani alisema kama yeye amepata macho, basi yapate kitu cha kutazama. Ndivyo Jumamosi zetu zilivyobadilika kwa miezi kadhaa. Samaki wakinunuliwa, kilichobaki cha siku kilikuwa cha madaraja.

La kwanza tulikuta limeondolewa, pamewekwa la saruji, na vyuma vyake mwenye boma la jirani amevifanya uzio wa mbuzi. Dani alisimama akawatazama mbuzi. Akasema angalau hawatoroki. La pili, njia ya kwenda Usenge, lilikuwa zima, na wanawake walikuwa wameanika omena juu ya mikeka kwenye mwisho wake kwa sababu hapo palikuwa pakavu. La tatu lilitusumbua. Barabara ilikuwa imehamishwa, na hakuna aliyetuelewa tulipouliza, mpaka mchungaji mmoja wa ng'ombe alipotupeleka katikati ya shamba la mahindi. Lilikuwa hapo, limesimama juu ya mfereji mkavu, halitoki popote wala haliendi popote, mimea imelipanda mpaka juu. Baba alisafisha nguzo yake kwa kisu. Chini ya tabaka za rangi yakatokea maandishi yaliyogongwa kwa patasi: ODONGO NA WANAWE. Nilipitisha kidole kwenye kila herufi. Ouma alidai kwamba yeye pia ni mwana, na alichora O yake kando kwa msumari.

La nne lilikuwa karibu na kijiji kimoja, juu ya kijito ambacho wanawake walikuwa wakifulia. Vyuma vilikuwa vizuri, ila mbao zilikuwa zimeoza vibaya, nyingine hazipo kabisa. Watu walivuka kwa kukanyaga vyuma vyenyewe, watoto wakishikwa mkono. Tuliposhuka garini mwanamke mmoja alituita kutoka majini, amebeba shuka iliyolowa.

"Karibuni! Mnatafuta nani?"

"Hatutafuti mtu," Dani alijibu. "Tunatazama kazi ya mume wangu. Daraja hili alijenga yeye."

Mwanamke yule aliweka shuka juu ya jiwe, akapanda ukingo, akaja akasimama mbele yetu, mikono kiunoni, maji yakimtiririka.

"Kumbe lina wenyewe?" alisema. "Tumeandika barua mpaka tukachoka. Mama, mbona mnatuacha hivi? Mwezi uliopita mtoto wangu alitumbukia hapo katikati. Tulimvuta kwa shati."

Baba alianza kueleza kwamba kampuni ilifungwa zamani, kwamba barabara ni za serikali, kwamba sisi ni wauza samaki tu. Alieleza vizuri. Mimi nilimwamini. Dani alimsikiliza mpaka mwisho, miwani yake ikimeta juani, kisha akamgeukia yule mwanamke.

"Zinahitajika mbao ngapi?" aliuliza.

Jumamosi iliyofuata pikapu haikunuka samaki. Baba alikuwa ameuza magunia yake yote ya omena, akanunua mbao nene, misumari na pipa dogo la lami, na Mama, ambaye alikuwa amegombana naye wiki nzima kwa sababu hiyo, alikuja pia na kufunga kanga kiunoni. Wanaume wa kijiji walikuwa wanatungoja na nyundo zao, miongoni mwao kijana mmoja aliyejua kuendesha gari. Walifanya kazi tangu asubuhi. Dani aliketi kwenye kiti walichomletea ukingoni, akawa anamwambia kila mtu anakosea.

Ubao wa mwisho ulipopigiliwa jua lilikuwa limeinama. Watu walikusanyika, lakini hakuna aliyekanyaga. Nadhani walikuwa wanangoja mwenye daraja aseme neno. Baba alifuta mikono yake kwenye suruali. Alimtazama mama yake, kisha akavua viatu, akakunja suruali, akashuka kwenye kijito mpaka maji yakamfika magotini, akaingia chini ya daraja na kusimama.

"Haya," sauti yake ilitoka chini. "Atieno, panda pikapu na mama yako. Mwambie yule kijana aendeshe. Mpite."

Nilipanda. Sikufumba macho.